Theluji Imeyeyuka, Lakini Usikimbilie Kupanda Mchicha

Ikifika Machi, wasomaji wetu walioko Marekani wanaanza kutuuliza swali lile lile: nimegawiwa kipande katika bustani ya jamii, theluji imeisha, jua linawaka, nipande lini? Anayeuliza anaweza kuwa mama wa Bukavu anayeishi Louisville, kijana wa Kigoma aliyeko Dallas au mzee wa Kisii aliyeko Minneapolis. Wengi wao wameshika jembe tangu utotoni, na hakuna wa kuwafundisha kupiga tuta. Kinachowakwamisha ni kwamba nyumbani msimu hufunguliwa na mvua, ilhali huku hufunguliwa na joto la udongo. Jua la Machi linadanganya. Unavua koti, jasho linakutoka, na sentimita kumi chini ya nyayo zako ardhi bado ni baridi kama maji ya friji.

Makala haya yanahusu wiki zile za mwanzo tu, tangu kupewa kipande hadi miche isimame yenyewe.

Kwanza soma makubaliano

Nyumbani shamba la mtu ni la mtu. Huku kipande umeazimwa, na karatasi uliyotia saini ina nguvu. Kama Kiingereza chake ni kigumu, mpe mtoto au jirani akusomee yote kabla hujanunua hata mbegu moja. Tafuta haya:

- Tarehe ambayo kipande kisichoguswa hupewa mtu mwingine. Bustani nyingi zina orodha ya wanaosubiri, na msimamizi hatakupigia simu mara tatu kukubembeleza.
- Siku za kazi za pamoja, na adhabu ya kutohudhuria.
- Dawa na mbolea zinazokatazwa. Bustani nyingi hazitaki dawa ya kuua magugu hata tone.
- Urefu wa mazao. Kuna mahali mahindi hayaruhusiwi kwa sababu yanamtilia jirani kivuli.
- Kuuza mazao. Baadhi ya bustani huruhusu kula na kugawa tu.
- Lini maji yanafunguliwa.

Hilo la mwisho huwashtua wageni. Mabomba ya bustani hufungwa majira ya baridi ili yasipasuke kwa barafu, na hayafunguliwi mpaka hatari ipite. Ukipanda njegere kabla ya hapo, utabeba maji kwa galoni kutoka nyumbani. Si jambo baya, ila ulijue mapema.

Udongo upimwe

Bustani nyingi za mjini zimewekwa mahali palipobomolewa nyumba za zamani, na rangi za nyumba hizo zilikuwa na madini ya risasi. Risasi haionekani wala hainuki, na huwadhuru zaidi watoto wadogo. Mwaka 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka sehemu 400 kwa milioni hadi 200. Kwa hiyo ripoti ya zamani iliyosema "salama" isomwe upya, kwa namba.

Utasema: bustani hii ipo miaka mingi na wenzangu wanakula. Sawa. Basi muulize msimamizi akuonyeshe majibu ya kipimo cha mwisho. Akiwa nayo umeokoa pesa. Akiwa hana, nenda ofisi ya ugani ya kaunti yako. Mtandao wa ofisi hizi umekuwepo kwa sheria tangu 1914, unashirikiana na vyuo vikuu vya majimbo, na mabwana shamba wake wamezoea maswali ya wanaoanza. Waambie wazi kwamba unataka na risasi ipimwe, kwa sababu kipimo cha kawaida mara nyingi huishia kwenye virutubisho na tindikali.

Kuchukua sampuli:

1. Chimba sehemu sita hadi kumi za kipande chako, kina cha sentimita 15.
2. Changanya udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki, utoe mawe na mizizi.
3. Uanike kivulini ukauke, kisha ujaze mfuko uliopewa.

Majibu yakiwa mabaya, usikate tamaa ya kulima. Jenga boksi la mbao, utandike kitambaa chini, ujaze udongo ulionunuliwa. Usitumie matairi, vipande vya mataruma ya reli, wala mbao kuukuu zilizotiwa dawa. Mbao nyingi za namna hiyo zilizouzwa kabla ya 2004 zina arseniki. Mboga za majani na za mizizi ndizo za kuogopwa zaidi kwenye udongo mchafu, maana chembe za udongo hunasa kwenye majani na kwenye ganda. Nyanya na pilipili zina hatari ndogo zaidi.

Udongo ukiwa na maji, kaa mbali

Hili ndilo kosa la watu wenye nguvu. Jumamosi ya kwanza yenye jua, mtu anafika na jembe na vijana wawili, wanapindua kipande chote kwa saa tatu, wanarudi nyumbani wakijisifu. Kumbe udongo ule, hasa wa mfinyanzi, ulikuwa umelowa maji ya theluji. Ukilimwa katika hali hiyo hushikamana, na ukikauka huwa mabonge magumu yatakayokusumbua mpaka vuli.

Chukua konzi moja kutoka kina cha kidole. Fumba mkono ukamue, kisha lisukume tonge hilo kwa kidole gumba. Likimeguka, lima. Likibonyea bila kuvunjika, rudi nyumbani ukapike chai. Kanuni ni hiyo hata kama jirani zako wote wanalima siku hiyo.

Wakati ukisubiri, kata nyasi kando ya kipande, tengeneza njia za kupita, na uzibe pindo la chini la uzio. Sungura wa huku hawaogopi mtu, na mche wa maharage wenye majani mawili ni kifungua kinywa chao. Wavu wa urefu wa sentimita 60, uliofukiwa sentimita 15 ardhini, unatosha kuwazuia.

Samadi: tahadhari mbili

Kwetu samadi ya mbuzi humwagwa tu. Huku, kama ni mbichi, usiiweke majira ya machipuko. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyogusa. Mchicha unaoutaka mwezi wa sita hauwezi kusubiri hivyo. Tumia iliyooza vizuri au mboji.

Tahadhari ya pili wengi hawaijui. Zipo dawa za kuua magugu zinazonyunyiziwa malishoni ambazo hupita tumboni mwa ng'ombe na farasi bila kuharibika, kisha hukaa ndani ya samadi na hata ndani ya mboji. Nyanya na maharage yakipandwa humo, majani hujikunja na mmea hudumaa. Ukipewa samadi ya bure na mfugaji, panda kwanza maharage matatu kwenye kopo lenye samadi hiyo na matatu kwenye udongo wa dukani. Baada ya wiki tatu linganisha. Ni kazi ya dakika tano inayookoa msimu mzima.

Basi nipande lini?

Tafuta tarehe moja: wastani wa sakitu ya mwisho mahali ulipo. Sakitu ni ile baridi ya usiku inayogandisha umande juu ya majani. Wakulima wa Njombe na wa Kinangop wanaijua, viazi vyao vimeungua nayo mara nyingi. Ofisi ya ugani itakupa tarehe hiyo kwa mji wako.

Kila mji una desturi yake. Louisville wazee wa bustani hungoja mbio za farasi za Kentucky Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ndipo watoe nyanya nje. Chicago na Denver husubiri Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Maine wengi husubiri Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Aliyeko Dallas anaanza tangu katikati ya Machi, na Phoenix hata hiyo Machi ni kuchelewa kwa nyanya, kwa kuwa jua la Juni litazichoma. Ndiyo maana ushauri wa shemeji yako wa Arizona haukufai wewe wa Ohio, hata kama maboga yake ni makubwa.

Makosa mawili katika kusoma tarehe:

- Kudhani wastani ni mwisho. Wastani maana yake ni kwamba karibu nusu ya miaka sakitu huja hata baada ya siku hiyo. Mazao ya joto yaongezee wiki mbili.
- Kutumia namba ya ukanda iliyochapwa nyuma ya pakiti za mbegu. Ramani ya kanda ya wizara ya kilimo, iliyofanyiwa marekebisho 2023, inapima ukali wa baridi ya kipupwe. Inamsaidia mwenye kupanda mti wa tofaa. Haikuambii chochote kuhusu siku ya kupanda maharage.

Kisha nunua kipimajoto cha udongo. Kichomeke sentimita 10 asubuhi, siku tatu mfululizo. Hivyo tu, na umeshawazidi maarifa nusu ya majirani.

Yatangulie yapi, yafuate yapi

*Yanayopenda baridi: wiki nne hadi sita kabla ya tarehe ya sakitu, udongo ukifika kama nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi.* Njegere, spinachi, figili, letusi, vitunguu, karoti. Viazi mviringo vifuate wiki mbili hivi baadaye. Sukuma wiki na kabichi vipandikizwe kama miche. Huvumilia sakitu nyepesi, na watu wengi husema majani yaliyopigwa baridi kidogo huwa matamu zaidi. Dukani, pakiti iliyoandikwa "collard" ni ndugu wa damu wa sukuma wiki yetu. Usihangaike kuagiza ng'ambo.

*Ya katikati: tarehe ikishapita, udongo nyuzi 16.* Mahindi na maharage. Mbegu ya maharage kwenye udongo wa nyuzi 10 haioti, inaoza, nawe utamlaumu aliyekuuzia.

*Yanayopenda joto: wiki mbili baada ya tarehe, udongo nyuzi 18 na usiku usioshuka chini ya 10.* Nyanya, pilipili, biringanya, nyanya chungu, bamia, kunde, maboga ya kula majani, matembele, na huyo mchicha, ambao ndugu zetu wa Kongo wanauita lengalenga.

Vipimo vya huku ni Fahrenheit: nyuzi 10 ni 50, nyuzi 16 ni kama 60, nyuzi 18 ni kama 65. Ziandike kwenye mpini wa reki.

Najua pingamizi: "Jirani yangu kapanda nyanya katikati ya Aprili." Mwache. Mche wa nyanya ulioingia udongo baridi husimama tu, majani yakigeuka zambarau, na ule uliopandwa wiki tatu baadaye katika joto mara nyingi huufikia na kuupita. Ukitaka kushindana naye, shindana kwa sukuma wiki.

Miche ya dirishani

Pilipili, biringanya na nyanya chungu zinataka wiki nane hadi kumi ndani ya nyumba kabla ya kutoka. Nyanya wiki sita hadi nane. Maana yake ni kuanza wakati nje bado kuna theluji. Tatizo kubwa ni mwanga. Dirishani miche hurefuka, hupinda kufuata jua na kulegea. Weka taa ya kawaida ya mirija au LED, sentimita 5 hadi 10 juu ya miche, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, na uipandishe taa kadiri miche inavyokua. Usitumie udongo wa bustani kwenye vikopo, kwani huleta ukungu unaokata miche shingo usiku mmoja. Nunua mchanganyiko wa kuoteshea mbegu.

Kabla ya kupandikiza, izoeshe miche hali ya nje kwa siku saba hadi kumi. Siku ya kwanza saa moja kivulini, kesho yake saa mbili, polepole hadi jua kamili na usiku wa nje. Anayeruka hatua hii huona majani yakibadilika kuwa meupe ndani ya siku mbili.

Kama huna nafasi wala taa, nunua miche. Mwenye kadi ya SNAP, ile ambayo wengi bado huiita "food stamp", anaweza kununulia mbegu na miche ya chakula kwenye maduka yanayopokea kadi hiyo. Sheria inaruhusu hivyo tangu miaka ya 1970, ila wenye kadi wengi hawajawahi kuambiwa. Maua hayamo.

Mbegu kutoka nyumbani

Shangazi akija na bahasha ya mbegu mkobani, lazima aitaje kwa maafisa wa forodha, na mbegu za kupanda hutakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zilikotoka. Kuficha kunaweza kuleta faini. Njia rahisi ni kutafuta hapa hapa: mchicha huuzwa kwa jina la "amaranth", na wenye asili ya Karibi huununua kama "callaloo". Wenzako bustanini nao huhifadhi mbegu. Waombe mwishoni mwa msimu.

Lipo pia jambo la urefu wa mchana. Mimea mingi ya ukanda wa ikweta imezoea mchana wa saa 12. Huku Juni mchana unafika saa 15. Mbaazi za kienyeji zitajaa majani kiangazi chote, zianze maua siku zikifupika, na sakitu ya Oktoba izikute hazijafunga punje. Mahindi marefu ya nyanda za juu hufanya vivyo hivyo. Chagua aina fupi zinazouzwa huku, au ukubali kula kunde kwa majani yake.

Mchicha wako ni gugu la jirani

Hapa ugomvi hutokea kila mwaka, tena bila mtu kuwa na nia mbaya. Mmarekani aliyekulia shambani anaujua mchicha wa porini kama adui wa soya na mahindi. Aina moja, Palmer amaranth, Minnesota imeiweka katika orodha ya magugu ya kuangamizwa kwa mujibu wa sheria. Siku ya kazi ya pamoja mtu mwema anapita kipandeni kwako, anaona vichipukizi, anakusaidia kung'oa. Mnavu nao hutiliwa shaka kuwa sumu, na kweli matunda yake mabichi si ya kuliwa.

Fanya hivi:

- Panda kwa mistari iliyonyooka. Ukimwaga mbegu ovyo, zitaonekana zimejiotea.
- Weka kibao chenye jina la Kiingereza, siku ileile ya kusia.
- Mwambie msimamizi mapema utapanda nini.
- Usiache mchicha utoe mbegu. Mmea mmoja hudondosha maelfu, na mwakani vipande vyote vya jirani vitakuwa na mchicha wako. Hapo hata mimi nitakuwa upande wao.

Mbegu zifunikwe kwa udongo mwembamba sana, chini ya sentimita moja. Zikiota, punguza, hiyo miche midogo unayoitoa ndiyo mboga yako ya kwanza. Sia mstari mpya kila wiki mbili au tatu badala ya kumaliza pakiti siku moja.

Jua liko kusini

Kwetu jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Huku hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na kivuli huangukia kaskazini. Kwa hiyo mahindi, bamia na vijiti vya nyanya viwe upande wa kaskazini wa kipande, na vifupi upande wa kusini. Ukigeuza, mahindi yako yatafunika mboga zako mwenyewe. Lakini angalia pia nani yuko kaskazini mwako. Ukingoni mwake usipande kirefu bila kuongea naye.

Usiku wa sakitu

Umeshapanda, na utabiri unasema 36 Fahrenheit, yaani nyuzi 2. Usilale. Kipimo hicho huchukuliwa juu ya kichwa cha mche. Usiku wa mbingu safi usio na upepo, ardhini panaweza kuganda.

1. Mwagilia udongo mchana. Udongo wenye unyevu hushika joto zaidi ya mkavu.
2. Kabla jua halijazama, funika kwa mashuka ya zamani au kitambaa maalumu cha bustani. Pindo liguse ardhi pande zote, maana joto linalookoa mche linatoka chini.
3. Zuia kwa mawe.
4. Plastiki isiguse majani. Yaliyogusana nayo huungua.
5. Asubuhi hewa ikipata joto, funua. Ukisahau hadi saa sita mchana utakuwa umeichemsha miche.

Nimepewa kipande Juni. Nimechelewa?

Kwa njegere, ndiyo. Kwa mazao ya nyumbani umefika wakati wake: mchicha, kunde, bamia na matembele huota upesi udongo ukiwa moto, na mchicha unaanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita. Nyanya usizianze kwa mbegu sasa; nunua miche mikubwa. Funika udongo kwa majani makavu ya ngano badala ya nyasi za malisho, ambazo huja na mbegu za magugu. Mwishoni mwa Julai sia sukuma wiki kwenye kona yenye kivuli cha mchana, uipandikize Agosti pale maharage yalipotoka. Katika miji mingi utaichuma hadi Novemba, nyanya za jirani zikiwa zimeshakauka.